Ndege, nyaya na mikono: kutoka 1916 hadi Caravan ya leo

Wengi wetu tukipanda ndege ndogo tunadhani kompyuta ndiyo inayoiendesha. Kwa madege makubwa ya kisasa dhana hiyo ina ukweli wake. Lakini Cessna Caravan, kindege cha injini moja kinachotumika sana kwa safari za ndani hapa Tanzania, bado kinaongozwa kwa nguvu za mikono na miguu ya rubani. Na mbinu hiyo si ngeni kwa majirani wa milima ya Usambara. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwanzoni mwa 1916 Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza kiliteremka Mombasa na kupiga kambi Mbuyuni, si mbali na Taveta. Kilikuwa na ndege za BE2c na Henri Farman. Mei mwaka huo majeshi ya Jenerali Smuts yakaanza kushuka kufuata mto Pangani na reli ya Usambara, ambayo Wajerumani walikuwa wameifikisha Mombo tangu 1905. Juni, mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, ukaangukia mikononi mwa Waingereza. Marubani katika vita ile walipeleleza kutoka angani na kudondosha mabomu madogo, huku vichaka vikiwaficha askari waliokuwa chini.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Ukisimama Irente, nje kidogo ya Lushoto, unaona ukuta wa mlima ukiporomoka hadi tambarare ya Mazinde. Jua likiichoma tambarare, hewa ya moto hupanda. Upepo ukigonga mlima, huvurugika. Ndege ikipita hapo hutikiswa, na rubani lazima airekebishe mara kwa mara.

Anairekebisha vipi? BE2c ilikuwa na vibao vinavyochezacheza nyuma ya mbawa, yaani eleroni. Kibao cha bawa la kushoto kikiinuka na cha kulia kikishuka, ndege inalalia kushoto. Mkiani kuna kibao cha kupandisha na kushusha pua, na kingine cha kuizungusha pua kushoto au kulia, kinachoamriwa kwa miguu. Vyote viliunganishwa na rubani kwa nyaya.

Caravan iliruka kwa mara ya kwanza 1982. Injini yake ya tabopropu, ambayo gesi ya moto huzungusha tabini na tabini ikazungusha panga, ina nguvu za farasi kama 675. Ile ya BE2c ilikuwa na takriban 90. Lakini ukifungua sakafu ya Caravan utakuta nini? Nyaya za chuma zikipita kwenye makapi hadi mbawani na mkiani! Flapu zake kubwa, zinazosukumwa na mota ya umeme ili itue kwenye viwanja vifupi, zimechukua nafasi kubwa ya bawa. Eleroni zikabaki ndogo, ndiyo maana zikaongezewa spoila juu ya bawa kusaidia kulaza ndege.

Waya una faida moja: rubani anausikia upepo mkononi mwake. Una na udhaifu wake pia. Husagika pale unapopita kwenye kapi, na mwili wa alumini hutanuka kwa joto kuliko waya wa chuma, hivyo mkazo hubadilika. Fundi hupitisha kitambaa juu ya waya, uzi uliokatika ukinasa, ameugundua.

Hapa ndipo historia inapotufunza jambo. Vitabu vimeandika majina ya majenerali na marubani wa 1916. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi vichwani pale reli ilipoishia, wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa, na jina walilotuachia ni Kariakoo, lililotokana na kikosi chao. Fundi wa leo naye hatajwi. Lakini ndege haijawahi kuruka kwa rubani peke yake, wadau. Siku ukitua salama, mkumbuke na yule wa kitambaa.