Kutoka Kiwanda cha Bia hadi Darasani: Historia ya Jaribio la Umuhimu wa Wastani, 1908–1937

Katika vitabu vya mwanzo vya takwimu, jaribio la umuhimu wa wastani wa kundi zima huelezwa kwa hatua zinazofuatana bila kusita. Mwanafunzi huandika nadharia tete ya kutokuwapo tofauti, huandika nadharia tete mbadala, huchagua kiwango cha umuhimu ambacho karibu daima ni asilimia 5, hukokotoa t kutokana na wastani na mkengeuko sanifu wa sampuli, hulinganisha jibu na jedwali, kisha huamua kukataa au kutokataa. Hatua hizo huonekana kana kwamba zilitoka katika akili moja. Insha hii inadai kuwa zilitoka katika mikono mitatu ambayo haikukubaliana juu ya swali lenyewe, na kwamba swali la mtu wa kwanza, aliyeuanzisha mjadala wote, ndilo lililosahaulika njiani.

Kabla ya mwaka 1908 njia ya kupima wastani ilikuwapo, lakini ilikuwa njia ya sampuli kubwa. Tangu kazi za Laplace mwanzoni mwa karne ya 19, ilijulikana kuwa wastani wa vipimo vingi hutawanyika kwa umbo la kengele kuuzunguka wastani wa kweli, na kwamba upana wa kengele hiyo hupungua kadiri kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo kinavyoongezeka. Mwaka 1885 Francis Ysidro Edgeworth alitumia hesabu za aina hiyo kuuliza iwapo tofauti kati ya wastani mbili inaashiria jambo, au ni mchezo wa bahati tu. Kwake, tofauti kuwa “significant” kulimaanisha tu kuwa ni ishara ya kitu. Kiswahili kimeipokea dhana hiyo kwa neno “umuhimu”, nalo limebeba mzigo usio wake: msomaji wa tasnifu anapoambiwa kuwa tofauti “ina umuhimu wa kitakwimu”, ni rahisi aelewe kuwa tofauti hiyo ni kubwa au ni ya maana maishani. Jaribio halisemi hivyo.

Udhaifu wa njia ya zamani ulikuwa mahali pamoja. Upana wa kengele unategemea mkengeuko sanifu wa kundi zima, na huo haujulikani. Hukadiriwa kutokana na sampuli ileile. Sampuli ikiwa na vipimo mia kadhaa, kadirio hilo huwa karibu sana na ukweli, wala hakuna madhara. Katika maabara ya Karl Pearson huko University College, London, sampuli zilikuwa za mamia na za maelfu, hivyo tatizo hilo halikuwa na uzito mkubwa. Lilikuwa na uzito kwa mtu aliyekuwa na vipimo vinne.

William Sealy Gosset alizaliwa Canterbury mwaka 1876, akasoma kemia na hisabati Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Kazi yake ilihusu shayiri, kimea na hopsi. Kila jaribio la shambani au la maabara liligharimu fedha na msimu mzima, na mara nyingi matokeo yalikuwa machache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1904 aliwaandikia wakuu wake ripoti juu ya matumizi ya kanuni ya makosa ya vipimo katika kazi za kiwanda, na mwaka uliofuata akakutana na Pearson. Jambo moja katika barua zake za wakati huo linastahili kukaziwa macho: Gosset alishikilia kuwa kiasi cha uhakika kinachotafutwa hakiwezi kuwekwa kwa amri ya jumla, bali kitegemee faida ya fedha itakayopatikana kwa kufuata matokeo, ikilinganishwa na gharama ya njia mpya na gharama ya kila jaribio. Kwa maneno mengine, kwake hapakuwa na asilimia 5 ya kudumu. Palikuwa na shayiri fulani, bei fulani, na hasara fulani kama mtu angekosea.

Baada ya kukaa London katika maabara ya Pearson mwaka 1906 na 1907, Gosset alichapisha makala yake katika jarida la Biometrika mwaka 1908. Kiwanda hakikuruhusu watumishi wake kuchapisha kwa majina yao, hivyo akatia saini ya “Student”, yaani Mwanafunzi. Makala iliuliza: ikiwa wastani wa sampuli ndogo unagawanywa, si kwa mkengeuko wa kundi zima usiojulikana, bali kwa mkengeuko wa sampuli yenyewe, je, jibu hutawanyikaje? Alilitafuta jibu kwa aljebra, ingawa uthibitisho wake haukukamilika: alikokotoa sifa kuu za mtawanyo wa mkengeuko, akaona zinalingana na umbo mojawapo la Pearson, akakubali kuwa ndilo. Kisha akajihakikishia kwa mikono. Alichukua vipimo vya urefu wa mwili na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, vilivyokuwa vimechapishwa na W. R. Macdonell, akaviandika kwenye vipande 3,000 vya karatasi ngumu, akavichanganya sana, akavitoa kimoja kimoja, na kila vinne vilivyofuatana akavifanya sampuli moja. Akapata sampuli 750. Mtawanyo wa matokeo ulikaribiana vema na ule aliokwisha kuukokotoa. Huenda hakuna mwanafunzi wa leo anayefikiri, akifungua jedwali la t, kwamba lilihakikiwa kwanza kwa karatasi zilizochanganywa kama karata.

Ukubwa wa marekebisho hayo huonekana kwa mfano mfupi. Mtafiti mwenye vipimo vinne, akitumia mpaka wa sampuli kubwa wa 1.96 akidhani anakosea mara 5 katika 100, kwa kweli angekosea zaidi ya mara 14. Mpaka unaomfaa ni 3.18. Akiwa na vipimo kumi, mpaka ni 2.26.

Mfano maarufu zaidi katika makala ya 1908 ulihusu usingizi. Wagonjwa 10 wa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kalamazoo, Marekani, walipewa dawa mbalimbali za usingizi, na Cushny na Peebles walichapisha mwaka 1905 saa za ziada walizolala, kila tarakimu ikiwa wastani wa usiku kadhaa. (Gosset alikosea majina ya dawa, na kosa hilo likarithiwa na vitabu vilivyofuata.) Dawa ya kwanza iliongeza usingizi kwa wastani wa saa 0.75, ya pili kwa saa 2.33. Tofauti kwa kila mgonjwa, ikichukuliwa moja moja, ina wastani wa saa 1.58. Gosset alihitimisha kuwa uwezekano wa dawa ya pili kuwa bora ni 0.9985, yaani uwiano wa karibu 666 kwa 1. Msomaji makini atasita hapa. Gosset anazungumzia uwezekano kwamba dawa ni bora, na hiyo ndiyo tafsiri ambayo kila mhadhiri wa takwimu humkataza mwanafunzi wake leo. Kosa linalotiwa alama nyekundu darasani lilikuwa usemi wa mwanzilishi mwenyewe.

Kwa miaka mingi makala hiyo ilisomwa na wachache. Aliyeipa maisha ni Ronald Fisher, ambaye mwaka 1912, akiwa kijana bado, alimpelekea Gosset uthibitisho kamili uliotumia jiometria. Fisher alijiunga na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted mwaka 1919, na katika miaka iliyofuata akaonyesha kuwa hoja ileile inahusu wastani mbili na mambo mengine mengi, mradi kinachohesabiwa ni digrii za uhuru, wala si idadi ya vipimo peke yake. Kitabu chake cha mbinu za takwimu kwa watafiti, kilichotoka mwaka 1925, ndicho kilichoipeleka t mashambani na katika maabara.

Ni katika kitabu hicho asilimia 5 ilipopata makao. Fisher aliona kuwa mpaka wa 1 kati ya 20 unaangukia karibu na mikengeuko sanifu miwili, na kwamba ni mpaka unaofaa kwa urahisi wake. Hakuuzua kutoka hewani. Watafiti wa kabla yake walizoea kupima kwa kile kilichoitwa kosa linalowezekana, yaani umbali ambao nusu ya makosa huuvuka na nusu hayaufikii, nao walihesabu tofauti kuwa ya kweli ikizidi mara tatu ya umbali huo. Mara tatu ya 0.6745 ni 2.02, ambayo huvukwa kwa bahati karibu mara 4 katika 100. Hivyo asilimia 5 ni desturi ya kale iliyokadiriwa hadi tarakimu ya mviringo. Umbo la jedwali nalo lilichangia. Gosset alipanga jedwali lake ili mtu atafute uwezekano wa jibu alilopata. Fisher alipanga lake kwa safu za uwezekano teule, zikiwamo 0.05, 0.02 na 0.01, na ndani yake akaweka mipaka ya t. Mwenye jedwali la namna hiyo hawezi kusoma kwa urahisi kuwa jibu lake ni 0.07. Anaona tu kuwa hakuvuka. Fisher mwenyewe baadaye, katika kitabu chake cha 1956, alikana kuwa mwanasayansi hutumia kiwango kimoja kisichobadilika mwaka hadi mwaka, lakini kufikia hapo jedwali lilikuwa limekwisha kufundisha kinyume.

Mkono wa tatu ulikuwa wa watu wawili: Jerzy Neyman, kutoka Poland, na Egon Pearson, mwana wa Karl. Mwaka 1926 Egon Pearson alimwandikia Gosset akiuliza jaribio la t linathibitisha nini hasa. Gosset alijibu mwezi Mei kwamba uwezekano mdogo, peke yake, hauthibitishi kuwa sampuli haikutoka katika kundi linalodhaniwa. Mtu huacha dhana ya kwanza pale tu ipatikanapo dhana nyingine inayoyaeleza matokeo kwa uwezekano mkubwa zaidi. Kutokana na wazo hilo Neyman na Pearson walijenga nadharia iliyochapishwa mwaka 1928 na hasa 1933: pawe na nadharia tete mbili, pawe na makosa ya aina mbili, na kiwango kiwekwe kabla ya kuangalia data. Kwao jaribio ni kanuni ya kutenda. Kwa Fisher lilikuwa kipimo cha ushahidi dhidi ya dhana moja, na wazo la kosa la aina ya pili aliliona halihusiani na sayansi. Mwaka 1933, Karl Pearson alipostaafu, idara yake iligawanywa kati ya Fisher na Egon Pearson, hata wapinzani hao wakafanya kazi katika jengo moja.

Kwa hiyo hatua za darasani zikitenguliwa, nadharia tete mbadala ni ya Neyman na Pearson, mtawanyo ni wa Gosset, ukiwa umerekebishwa na Fisher, tarakimu 0.05 ni ya Fisher, ikitumiwa jinsi Neyman alivyotaka. Na uwezekano unaoandikwa mwishoni, 0.003 kwa mfano wa usingizi, ni wa Fisher tena, ukisomwa mara nyingi kwa tafsiri ya Gosset. Tasnifu inayoandika “matokeo yana umuhimu mkubwa sana” baada ya kuweka kiwango cha asilimia 5 imezichanganya kauli mbili ambazo wenyewe walikataa kuzichanganya. Lawama haimwangukii mwandishi wa tasnifu peke yake, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Kilichoachwa nje kabisa ni swali la namna sampuli ilivyopatikana, na hapo kisa cha Lanarkshire kinafundisha kuliko fomula. Mwaka 1930, kwa miezi minne, wanafunzi 20,000 wa shule za wilaya hiyo ya Uskoti walipimwa uzito na urefu: 10,000 walipewa maziwa kila siku, nusu yao mabichi na nusu yaliyopashwa moto kuua vijidudu, na 10,000 hawakupewa. Kwa idadi hiyo, kosa la wastani huwa dogo mno, na karibu tofauti yoyote huvuka mpaka wa jedwali. Lakini walimu, baada ya watoto kuchaguliwa kwa kura au kwa alfabeti, waliruhusiwa kubadilisha majina kama kundi moja lilionekana kuwa na watoto wengi walioshiba au wengi wenye utapiamlo. Gosset, akiandika katika Biometrika mwaka 1931, alionyesha kuwa wasiopewa maziwa walikuwa warefu na wazito zaidi tangu siku ya kwanza: huruma ya walimu ilikuwa imewasogezea maziwa watoto wa maskini. Tena watoto walipimwa wakiwa na nguo, mara ya kwanza Februari, mara ya pili Juni. Mtoto mwenye nguo nzito za baridi aliyezivua kiangazi alionekana kukua kidogo kuliko mtoto ambaye hakuwa na nguo za kuvua. Na kwa kuwa kila shule ilipewa aina moja tu ya maziwa, kulinganisha mabichi na yaliyopashwa moto kulikuwa pia kulinganisha shule na shule. Hakuna safu ya jedwali la t inayoona mambo hayo. Pendekezo la Gosset lilikuwa jozi 50 za mapacha wa kufanana, pacha mmoja apewe maziwa na mwenzake asipewe, kwa kurusha sarafu.