Timau: urithi na makavazi ya kandokando ya Mlima Kenya

Timau ni mji mdogo wa Kaunti ya Meru nchini Kenya, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, kando ya barabara kuu itokayo Nanyuki kwenda Meru. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kaskazini kidogo mwa ikweta, na unajulikana kwa ngano, shayiri, viazi na mashamba ya maua. Hauna makavazi. Lakini anayelala Timau yuko kati ya Makavazi ya Meru, upande wa mashariki, na Makavazi ya Nyeri, upande wa kusini-magharibi. Katika mji kama Arles, Ufaransa, mgeni hutoka kwenye uwanja wa Warumi akaingia makavazi kwa miguu. Hapa urithi umetawanyika kuuzunguka mlima, na matatu ndiyo humfikisha mtu.

Ulio karibu zaidi na Timau ni Msitu wa Ngare Ndare, jina la Kimaasai lenye maana ya maji ya mbuzi. Una mierezi na mizeituni ya mwitu, vidimbwi vya maji ya samawati, na daraja la kamba linalopita juu miongoni mwa matawi. Mwaka 2013 UNESCO iliuunganisha msitu huu na hifadhi ya Lewa kwenye Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya, uliotambuliwa tangu 1997. Ndani ya Lewa kuna mahali palipotapakaa mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale. Hayakupelekwa kwenye kabati la kioo. Yamelala pale pale yalipoachwa, na hilo pekee latosha kumfanya mtu afunge safari. Tangu 2011 ndovu hupita chini ya barabara kuu, kwenye njia waliyojengewa, wakishuka kutoka mlimani kwenda Ngare Ndare.

Makavazi ya Meru yamo katika jengo la kale la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Yalifunguliwa mwaka 1974, na yana boma la Kimeru na bustani ya mitishamba. Wanaotaka kuelewa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, huendelea hadi Nchiru, kwenye makao yake.

Ukirudi upande wa Nanyuki utapita njia ya Sirimon, mojawapo ya njia za kupandia mlima. Vilele vyake vikuu, Batian (mita 5,199), Nelion (5,188) na Lenana (4,985), vina majina ya viongozi wa kiroho wa Kimaasai, yaliyowekwa na Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian mwaka 1899. Wagikuyu waliuita mlima huu Kirinyaga, na kuuelekea waliposali. Nanyuki palikuwa na kambi ya mateka Waitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mapema mwaka 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka humo, si ili waende kwao, bali wapande mlima. Walipeperusha bendera yao Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini.

Nyeri ndiko kwenye hazina kubwa kuliko kote. Makavazi yake yako Ruring'u, nje kidogo ya mji, katika mahakama ya Waafrika iliyojengwa mwaka 1924, ambamo wazee walisikiliza kesi za kimila chini ya serikali ya kikoloni. Jengo lililokuwa la kuwahukumu watu sasa linatunza kumbukumbu zao, na ni vyema kuanzia hapa kabla ya kwenda penginepo. Jirani uko uwanja ambamo, Desemba 1963, wapiganaji wa Mau Mau, walioupinga utawala wa kikoloni, walitoka msituni na kusalimisha silaha zao.

Makaburi ya wageni mjini humo yanajulikana duniani. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikaa miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, kwenye hoteli ya Outspan, akafa Januari 1941. Amezikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, na jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimekwenda nyumbani. Jim Corbett, mwindaji na mwandishi kutoka India, aliyekaa Paxtu baadaye, alizikwa papo hapo mwaka 1955. Katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano huko Mathari wamezikwa askari wao 676, pamoja na kamanda wao, Duki wa Aosta, aliyefariki Nairobi mwaka 1942. Katika kanisa kuu la Consolata yamo masalia ya Sista Irene Stefani, ambaye Wagikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Alitangazwa mwenyeheri mjini Nyeri Mei 2015.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, hana kaburi hapa. Alikamatwa kwenye ukingo wa msitu Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa bila alama. Hili ni pengo ambalo mgeni anapaswa kulijua anaposimama mbele ya mawe yale mengine yaliyochongwa vizuri. Kumbukumbu za vita hivyo ziko pia nje ya mji: Hoteli ya Treetops, alikolala Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza Februari 1952 usiku ambao baba yake alifariki, ilichomwa na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954, ikajengwa upya. Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyepewa cheo cha Field Marshal, aliishi msituni miaka kumi na zaidi. Nywele zake za msokoto alizitunza hadi Aprili 2022, zilipokatwa Nyeri mbele ya watu. Alifariki mwaka uliofuata.

Miezi mizuri ya safari ni Januari, Februari na kuanzia Julai hadi Septemba. Timau ina baridi kali usiku, na kilele huonekana vizuri alfajiri, kabla mawingu hayajapanda.