Meno ya kahawia: miaka 100 tangu Oakley waliache bomba lao

Mwaka 1925 wakazi wa Oakley, mji mdogo wa jimbo la Idaho nchini Marekani, walifanya jambo ambalo vijiji vingi vya miteremko ya Mlima Meru vimelisubiri vizazi na vizazi: waliliacha bomba lililokuwa likiharibu meno ya watoto wao, wakatafuta maji kwingine. Wakati huo hapakuwa na mtaalamu aliyeweza kuwaambia ndani ya maji yale kulikuwa na nini. Walichokuwa nacho ni neno la daktari wa meno mmoja mbishi, wakaliamini.

Karne imetimia, na huku kwetu Arusha mtoto wa Maji ya Chai akicheka, watu bado hujua kwao ni wapi. Ubaya ni kwamba siku hizi amezuka na mfanyabiashara wa mtandaoni, anayeuza unga wa mkaa wa kung'arisha meno huku akiwaambia watu wa Arusha kwamba tatizo lao ni uvivu wa kupiga mswaki.

Daktari yule mbishi aliitwa Frederick McKay. Masimulizi ninayoyafuata hapa, ya taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti meno, yanampenda sana, nami sikuona sababu ya kumnyima sifa zake. Alifika Colorado Springs mwaka 1901 akiwa ametoka chuoni, akakuta wazaliwa wengi wa pale wana meno yenye madoa ya kahawia. Alipotafuta vitabuni hakupata kitu. Wenyeji walikuwa na majibu tele: wengine walisema ni kula nguruwe kupita kiasi, wengine maziwa mabovu, wengine chokaa iliyomo majini.

Mnamo 1909 McKay alifanikiwa kumleta Greene Vardiman Black, mwalimu wa udaktari wa meno aliyeheshimika kuliko wote nchini mwake. Black alikuwa haamini kwamba ugonjwa unaoonekana waziwazi namna ile ungewapita waandishi wote wa vitabu. Aliyoyakuta ndiyo hayohayo yanayoonekana leo huku kwetu Ngarenanyuki: mistari ya kahawia iliyolala kwenye meno ya mbele, hasa ya juu, mabaka meupe yasiyong'aa, na kwa waliozidiwa, vishimo vidogo kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje. Hayakuwa uchafu. Jino lilikuwa limeota hivyo.

Kabla Black hajafariki mwaka 1915, wawili hao walikuwa wamebaini mambo mawili. Mtu mzima aliyehamia pale na meno yake meupe hakupata madoa. Walioathirika ni waliokunywa maji yale utotoni, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi. Pili, meno yale yenye madoa hayakuoza kirahisi.

Mwaka 1923 McKay aliitwa Oakley. Wazazi walimwambia madoa yalianza baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu, umbali wa kilomita nane hivi. Akayapima yale maji, hakuona kasoro yoyote. Hata hivyo aliwashauri waachane nayo. Miaka michache baadaye watoto wadogo wa Oakley walikuwa wakiota meno safi.

Aliyekuja kufungua fumbo hakuwa daktari, wala hakuwa na shida na meno ya mtu. Huko Arkansas kulikuwa na mji uitwao Bauxite, mali ya kampuni ya alumini ya ALCOA, ambao watoto wake walikuwa na madoa ilhali wa mji wa jirani hawana. McKay na Grover Kempf wa idara ya afya ya umma walikwenda, wakaandika ripoti, na ripoti ikaangukia meza ya H. V. Churchill, mkemia mkuu wa kampuni, Pennsylvania. Churchill alishtuka. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa ikipambana na uvumi kwamba sufuria za alumini zina sumu, na sasa mji wake wenyewe unatangazwa kuwa na meno mabovu! Akaagiza maji ya Bauxite yapimwe kwa mtambo wa kuchambua mwanga, kipimo ambacho McKay asingeweza kukipata hata angeuza kliniki yake. Majibu yalitoka: floraidi, na kwa wingi. Mkemia hakuamini, alidhani sampuli imechafuliwa, akataka nyingine upesi. Ya pili nayo ikasema vilevile: miligramu 13.7 kwa lita.

Januari 1931 alimwandikia McKay, akamwomba amtumie maji ya miji mingine yenye madoa. Yote yakakutwa na floraidi. Kwa hiyo kitendawili cha miaka 30 kiliteguliwa na kampuni iliyokuwa ikilinda soko la sufuria. Nasema hili bila kejeli. Laiti hofu ya namna hiyo ingewapata wenye viwanda wa kwetu.

Mwaka huohuo Margaret Cammack Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walifikia jibu lilelile kwa kuwanywesha panya maji ya kijiji cha St. David, na Henri Velu, daktari wa mifugo, akaihusisha floraidi ya mawe ya fosfeti na meno ya kondoo wa Afrika Kaskazini, ugonjwa ambao wafugaji wa huko walikuwa na jina lake tayari, darmous. Masimulizi makubwa huwataja hawa kwa mbali.

Yaliyofuata yanajulikana. Trendley Dean alionyesha kwamba floraidi ya karibu miligramu moja kwa lita hulinda meno bila kuyachafua vibaya, na Januari 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuitia kwenye maji yake. Dawa ya meno iliyopo bafuni kwako ni mjukuu wa habari hiyo.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kutiliwa. Miamba ya volkano inaimwaga majini, na maziwa ya Momella yana mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi 1.5. Tanzania, kwa uhaba wa maji, iliwahi kuruhusu hadi 8 vijijini, ikashuka hadi 4, na sasa imefika 1.5 kwenye karatasi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehangaika miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaonasa floraidi, kama walivyofanya Wakatoliki wa Jimbo la Nakuru kule Kenya. Jiji la Arusha limepata mradi wake wa shilingi bilioni 520. Vijijini, ambako wako hata waliopinda miguu kwa maji hayohayo, foleni ya ndoo inaendelea.

Kuhusu kung'arisha, mwaka 1916 Walter Kane, daktari wa hukohuko Colorado Springs, alikuwa tayari akiondoa madoa kwa asidi ya hidrokloriki. Madaktari wa leo hutumia asidi na unga laini wa kusugulia, wakiondoa tabaka jembamba sana la juu. Doa likiwa la kina, hulifunika kwa utomvu maalumu au kigae. Haidrojeni peroksaidi, inayotumika sana kliniki, hufifisha kahawia, lakini mabaka meupe yanaweza kuzidi kuonekana kwa muda. Mkaa, jivu na ndimu haviligusi doa lililo ndani. Vinakwangua na kulainisha enameli, na mwenye jino hubaki na doa lake na ganzi juu yake.

Tena kuna magadi. Utafiti uliofanywa Tanzania ulikuta meno ya kahawia hata kwenye kijiji chenye maji mazuri, kwa sababu ya magadi ya kulainishia maharage na makande, kwani nayo hubeba floraidi. Hupimwa sokoni kwa kopo, bila lebo, na hakuna anayemwambia mama mwenye mtoto wa miaka mitatu kilichomo.