Ziba Ufa, Acha Tundu la Moshi

Somo letu la leo ni la historia, lakini halihusu vita. Linahusu nyumba, baridi na moshi. Tutatazama jinsi watu wa Uingereza walivyokuwa wakitengeneza nyumba zao kabla ya baridi kuingia, na jinsi walivyojifunza, kwa gharama kubwa, kwamba nyumba inayotunza joto lazima iwe na njia ya kutolea moshi. Kisha tutarudi kwetu, kwa kuwa jambo hili linatuhusu na sisi.

Kwanza tuelewe majira yao. Kule Uingereza miezi ya Desemba, Januari na Februari ni ya baridi kali. Kabla yake, toka Septemba hadi Novemba, majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika. Huo ndio wakati wa kazi. Mwenye nyumba hutazama paa lake kama kuna kigae kilichovunjika. Huondoa majani yaliyoziba mifereji ya maji ya mvua. Huziba nyufa za milango na madirisha ili upepo usipenye. Mabomba ya maji huyafunika vizuri, kwa maana maji yakiganda kuwa barafu hutanuka na kupasua bomba. Huweka akiba ya kuni, na zamani aliweka pia makaa ya mawe. Na kabla ya kuwasha moto wa kwanza, husafisha dohani.

Dohani ni njia ya moshi iliyojengwa kwa matofali au mawe, toka mekoni hadi juu ya paa. Moto ukiwaka, moshi hupanda ndani yake na kutoka nje. Lakini moshi huacha masizi ukutani. Masizi yakizidi, njia huwa nyembamba na moshi hurudi chumbani. Tena masizi yenyewe huweza kushika moto na kuunguza nyumba. Kwa hiyo husafishwa kila mwaka.

NYUMBA ZISIZO NA DOHANI

Usidhani kwamba Waingereza walikuwa na dohani tangu mwanzo. Kwa mamia ya miaka watu wao wa kawaida waliwasha moto katikati ya chumba, juu ya sakafu, na moshi ukajitafutia njia darini. Ukiwa umekulia katika nyumba ya nyasi yenye mafiga matatu, unaijua hali hiyo bila kuelezwa. Macho huwasha, lakini paa hukauka, na wadudu waharibifu hawapendi kukaa hapo. Wazee wetu walitundika mbegu za mahindi juu ya moto kwa sababu hiyo hiyo.

Mnamo mwaka 1577 padri mmoja aliyeitwa William Harrison, wa kijiji cha Radwinter, alichapisha habari za nchi yake. Aliandika kwamba wazee wa kijiji chake walistaajabu kuona dohani nyingi zilizokuwa zimejengwa katika maisha yao, ambapo zamani zilikuwa chache sana. Wengine walinung'unika. Walisema kwamba moshi ulikuwa ukiimarisha miti ya nyumba, na tena ulikuwa dawa ya kuwakinga watu na mafua. Mambo mapya hayakosi wa kuyalaumu.

Lakini kulikuwa na sababu ya kubadili. Katika mji wa London kuni zilikuwa zikiadimika na bei yake ikapanda. Watu wakaanza kuchoma makaa ya mawe, yaliyoletwa kwa meli toka Newcastle, upande wa kaskazini. Moshi wa makaa ya mawe ni mchungu kuliko moshi wa kuni, na hauvumiliki chumbani. Walipobadili kitu cha kuchoma, ikawalazimu kubadili na nyumba.

KODI YA MEKO

Serikali ilipoona dohani zimekuwa nyingi, iliona pia fedha. Mwaka 1662, wakati wa mfalme Charles wa Pili, Bunge liliweka kodi ya meko. Kila meko ilitozwa shilingi 2 kwa mwaka: shilingi 1 mwishoni mwa Septemba, na nyingine mwezi wa Machi. Angalia, ndugu mwanafunzi: mtoza kodi alikuja kuhesabu meko wakati ule ule ambapo watu walikuwa wakijiandaa kwa baridi. Maskini wa chini kabisa walisamehewa. Lakini wengi walichukia kuona mtu mgeni akiingia chumbani kuhesabu moto wao, na baadhi waliziba meko zao ili wasilipe.

Ujanja huo ulikuwa na hatari. Yasimuliwa kwamba mwaka 1684, katika kijiji cha Churchill, mwoka mikate mmoja alikwepa kodi kwa kutoboa ukuta na kuupitisha moshi wake katika dohani ya jirani. Moto ukaruka. Nyumba kama 20 zikateketea na watu 4 wakafa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1689.

Miaka 18 kabla ya msiba wa Churchill, London yenyewe iliungua. Moto ulianza tarehe 2 Septemba 1666 katika nyumba ya mwoka mikate, ukawaka siku nne na kuteketeza nyumba zaidi ya 13,000. Nyingi zilikuwa za miti. Mwaka 1667 ikatoka sheria kwamba nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya makaa ya mawe, njia za moshi zilifanywa nyembamba ili zivute vizuri, nazo zilipinda huku na huku ndani ya kuta. Sasa likaja swali: nani ataingia humo kuzisafisha?

WATOTO WA DOHANI

Jibu lilikuwa mtoto. Njia nyingi zilikuwa na upana wa inchi 9 kwa inchi 14. Mtu mzima haenei humo. Kwa hiyo mafundi wa kusafisha dohani walichukua watoto, hasa wavulana wa maskini na mayatima, wengine wa miaka sita au saba tu. Mtoto alipanda gizani kwa magoti na viwiko, akikwangua masizi yaliyomwangukia usoni. Wengine walikwama wakafa kwa kukosa pumzi. Waliobaki hai walipata maradhi. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott aliandika kwamba wasafishaji wa dohani walikuwa wakipata saratani ya sehemu za siri kwa sababu ya masizi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa daktari kuonyesha kwamba kazi fulani huleta saratani.

Bunge lilitunga sheria. Mwaka 1788 lilikataza watoto walio chini ya miaka 8 kufanywa wanagenzi wa kazi hiyo. Mwaka 1840 lilikataza mtu yeyote aliye chini ya miaka 21 kupanda ndani ya dohani. Je, watoto waliacha kupanda? Hapana. Sheria ilikuwepo, lakini hakuna aliyeisimamia.

Wala usifikiri kwamba hapakuwa na njia nyingine. Toka mwaka 1803 palikuwa na brashi ya kuungwa vipande vipande, aliyoitengeneza George Smart. Fundi alisimama chini na kuisukuma juu. Lakini matajiri wengi waliogopa kwamba masizi yatachafua mazulia yao. Tena dohani zilizopinda sana zilihitaji kurekebishwa, na hawakutaka gharama. Basi kwa zaidi ya miaka 70 nyumba za watu wenye heshima ziliendelea kuandaliwa kwa baridi kwa miili ya watoto, na brashi ipo.

Mwaka 1875 mtoto aitwaye George Brewster alikwama katika dohani karibu na Cambridge, akafa. Bwana wake alihukumiwa kifungo cha miezi sita na kazi ngumu. Habari zake zikamfikia Lord Shaftesbury, aliyekuwa amepigania watoto hao kwa miaka mingi. Mwaka huo huo ikapita sheria mpya: kila msafishaji wa dohani lazima awe na leseni ya polisi, aifanye upya kila mwaka, na atakayevunja sheria aikose. Sasa palikuwa na msimamizi, na watoto wakatoka dohanini.

MOSHI WA LONDON

Je, mambo yakaisha? Bado. Dohani huutoa moshi chumbani, lakini haiuondoi duniani. Tarehe 5 Desemba 1952 baridi kali iliingia London na upepo ukatulia. Kila nyumba iliongeza makaa mekoni. Moshi wa dohani zote, pamoja na wa viwanda, ukachanganyika na ukungu ukalala juu ya mji hadi tarehe 9. Watu hawakuona njia mchana. Siku zile vilihesabiwa vifo vya watu kama 4,000 zaidi ya kawaida. Wataalamu waliochunguza baadaye wamekadiria kwamba huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 ikatungwa sheria ya hewa safi, na katika sehemu nyingi za miji watu wakakatazwa kuchoma vitu vyenye moshi.

NA SISI JE?

Sasa turudi kwetu. Wewe unayekaa Njombe, Makete, Mufindi au Mbulu unajua baridi ya Juni na Julai. Asubuhi nyingine, huko Makete, nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Watu huingiza seredani au jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, na kulala.

Katika nyumba ya zamani ya nyasi, hewa ilipita kwa urahisi zaidi. Siku hizi wengi tuna nyumba za matofali, sakafu ya saruji, dari na madirisha ya vioo. Ni nyumba nzuri. Lakini tumebadili nyumba bila kubadili moto. Waingereza walibadili moto ikawalazimu kubadili nyumba. Sisi tumefanya kinyume, na hesabu ni ile ile.

Mkaa uliokolea hauna moshi wa kuonekana, na kwa sababu hiyo watu huudhania salama. Sivyo. Hutoa hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala huenda asiamke. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi: jiko la mkaa lisilo na dohani lisiwekwe kabisa katika chumba cha kulala, hata likiwa linaelekea kuzimika. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango, mtoe nje penye hewa safi, umpeleke hospitali upesi.

Fanyeni basi kazi zenu mapema, mvua zinapokatika na kabla ya baridi. Tazama paa. Kandika nyufa za ukuta. Rekebisha mlango usiofunga. Kausha kuni na blanketi. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na ni kweli. Lakini ufa ni kitu kimoja na tundu la kutolea moshi ni kitu kingine. Jiko la kuni liwe na dohani au bomba la kutolea moshi nje, nalo lisafishwe kila mwaka. Kujifunza hilo kuliwagharimu wengine watoto wao, na sisi tumelipata kwa kusoma tu.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Kwa nini watu wa London waliacha kuni na kuchoma makaa ya mawe?

2. Kodi ya meko ilianza mwaka gani, na ilifutwa mwaka gani?

3. Sheria ya mwaka 1840 haikuwaokoa watoto. Ile ya mwaka 1875 ilikuwa na kitu gani ambacho ya kwanza haikuwa nacho?

4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini mkaa usio na moshi ni wa hatari.

5. Leo jioni itazame nyumba yako. Andika sentensi tatu: nyufa ziko wapi, moshi hutokea wapi, na utaanza na kazi gani.