Maktaba za Nairobi: kutoka mlango wa wazungu mpaka Kaloleni

Ukifika Nairobi, katikati ya mji, karibu na msikiti wa Jamia, utaona jengo la mawe lenye nguzo kubwa na sanamu za simba wawili mbele. Ni maktaba ya McMillan, ao bibliyoteki kama tunavyosema huku kwetu.

Ilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumkumbuka bwana yake, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Shirika la Carnegie la Marekani lilichangia pesa. Lakini ilikuwa ya wazungu peke yao. Mwafrika, hata awe mwalimu, hakuruhusiwa kuketi mle na kitabu. Jambo hilo si geni kwetu: wakati wa Wabelgiji, huku Kongo pia maktaba za wazungu na za wenyeji zilitengwa.

Uhuru wa Kenya ukiwa karibu, halmashauri ya mji ikaichukua, na watu wa rangi zote wakaingia. Kwangu mimi, kazi yenyewe ndipo ilianza. Mlango ulio wazi katikati ya mji haumsaidii mtoto anayekaa mbali na hana nauli. Baadaye mji ukawa na maktaba mbili zaidi upande wa mashariki, Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya wafanyakazi. Kaloleni yenyewe ni mtaa ambao wakoloni waliwajengea Waafrika miaka ya 1940.

Kisha zote tatu zikakosa matunzo kwa miaka mingi. Mwaka 2017 wanawake wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wakaanzisha shirika la Book Bunk ili kuzitengeneza wakishirikiana na serikali ya mji. Walianza na zile ndogo, Kaloleni na Makadara. Jengo la simba likangoja. Naona walichagua vizuri.

Hapa Kindu tuna komine tatu: Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Alunguli iko ng'ambo ya Lualaba. Maktaba ya mji ikiwekwa Kasuku peke yake, karibu na ofisi za serikali, mwanafunzi wa Alunguli atalipa mtumbwi kwenda na kurudi kwa ajili ya kitabu kimoja. Ningependa vyumba viwili vya kawaida, kimoja huku na kimoja ng'ambo, kuliko jengo moja la nguzo.