Okok Hana Kina

Nikiwa kidato cha tatu niliandika shairi kuhusu okok. Okok ni yule ndege mweupe pe anayefuata ng'ombe huku kwetu Rangwe, ambaye kamusi inamwita yangeyange. Mvua ikinyesha na silanga zikijaa, utamkuta amesimama kwenye maji yanayomfika magotini, kimya, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Halafu anaondoka. Ni kule kuondoka ndiko nilitaka kuandika: anavyoinama kidogo, anavyopiga mbawa mara mbili au tatu kabla miguu haijaachana na maji, anavyokunja shingo akishakuwa juu, miguu ikibaki nyuma imenyooka kama kitu alichosahau kubeba.

Zilikuwa beti sita. Kibwagizo kiliishia kwa neno okok. Mwalimu alilizungushia kalamu nyekundu kila lilipotokea, na chini akaandika: "Si Kiswahili. Halina kina." Nikaandika upya, safari hii kuhusu njiwa, nikapata 15 kwa 20. Sina ubaya na njiwa, lakini pia sina stori yoyote naye.

Juzi mpwa wangu, aliye kidato cha nne, alikuja na kazi ileile. Shairi la arudhi, beti tano, mada ni ndege. "Mjomba, si wewe ndiye ulikuwa unasomea Kiswahili?" Ulikuwa. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma kabisa, na siku hizi nauza makala mojamoja kwa yeyote anayelipa. Nyumbani hakuna anayelitaja hilo moja kwa moja. Wanasema tu "ulikuwa".

Nikamuuliza anataka ndege gani. Akanyoosha kidole dirishani. Walikuwa wanne, nyuma ya ng'ombe wa jirani.

Shida ya okok ni rahisi kuieleza. Shairi la kawaida la Kiswahili, lile la mishororo minne ambalo shuleni tunaliita tarbia, lina mizani 16 kila mshororo: nane kwenye ukwapi, nane kwenye utao. Kila kipande kinamalizika kwa kina, yaani silabi inayorudi ileile hadi mwisho wa ubeti. Na maneno ya Kiswahili humalizikia kwa irabu. Zipo silabi funge, ndiyo, kama kwenye labda na daftari, lakini hukaa mwanzoni au katikati ya neno. Okok anafunga mlango kwa k. Dholuo imejaa maneno kama hayo. Yangeyange, kwa upande wake, ni kama alizaliwa kwa ajili ya mizani: silabi nne kamili, ukimtaja mara mbili umemaliza ukwapi. Tatizo ni kwamba kwa bibi yangu hakuna aliyewahi kuona yangeyange.

Kwa miaka mingi niliamini hivi: arudhi ni mali ya pwani, sisi wa bara tulipewa kama sare ya shule, haikutoshi lakini utavaa. Enyewe nusu yake ni kweli. Ukitafuta shairi hili lilikokomaa utafika Mombasa, kwa Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 au karibu na hapo. Wanaomchambua humsifu kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni: mapenzi, masengenyo, siasa za Mvita dhidi ya watawala wa Oman. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu kabla Mwalimu Sikujua hajamsaidia Mwingereza Taylor kuyakusanya, na kitabu chenyewe hakikutoka hadi 1940, miaka mia moja baadaye. Katika miaka hiyo yote mizani haikuwa sheria ya karatasi. Ilikuwa pumzi. Shairi liliimbwa, na silabi ikizidi, sauti inajikwaa na kila mtu anasikia.

Lakini nani aliandika zile sheria tulizokariri? Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea. Kitabu kilichoziweka wazi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka 1954, na mwandishi wake, Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, si mtu wa Lamu wala Mombasa. Alizaliwa Ujiji. Ujiji iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mbali na bahari kuliko hata Rangwe. Mtu wa ziwani, kama sisi.

Sasa mfuate aliyezivunja. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, mashairi yasiyojali vina wala mizani, na ugomvi ukawaka: hiki ni Kiswahili au ni uzungu? Kezilahabi alizaliwa Ukerewe. Ukerewe ni kisiwa ndani ya ziwa letu lenyewe, upande wa kusini. Wenzake wawili, Mulokozi na Kahigi, walitoa diwani yao 1976 na kuiita Malenga wa Bara. Miaka mitano kabla, mashairi ya Ahmad Nassir wa Mombasa yalikuwa yametoka kwa jina Malenga wa Mvita. Mimi nikiviweka vitabu hivyo viwili pamoja nasikia watu wakiitana kutoka milima miwili. Chuoni tulisoma ugomvi huo kama vita vya jadi na usasa. Hakuna aliyetuambia kwamba aliyeandika sheria na aliyezivunja wote walikua wakitazama maji ya ziwa.

Na usidhani wale wa arudhi walikuwa watiifu. Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akafungwa miaka mitatu, na gerezani akatunga Sauti ya Dhiki kwenye karatasi ya chooni. Mizani zimetosha.

Basi kalamu nyekundu ilitoka wapi? Nadhani ilitoka kwenye mtihani. Babu yangu alijua Kiswahili kabla shule haijakitaka. Alibeba mizigo bandarini Kilindini, na alirudi Rangwe na redio, cherehani na lugha. Kiswahili chake kilikuwa na Dholuo ndani, na hakuna aliyekihesabia makosa. Kisha mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Namshukuru aliyeamua hivyo, bila yeye nisingekuwa naandika haya. Lakini watoto wa Rangwe walikutana na shairi kama swali la alama nne: "Thibitisha kuwa hili ni shairi la arudhi." Tulithibitisha. Sikumbuki hata siku moja tulipoliimba.

Okok mwenyewe hana habari. Yule afuataye ng'ombe alivuka Atlantiki bila kubebwa na mtu, mwishoni mwa karne ya 19 akaonekana Amerika Kusini, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 akafika Florida. Alifika hadi visiwa vya Karibi, ambako Derek Walcott wa St. Lucia alimkuta uwanjani na mwaka 2010 akakipa kitabu chake jina lake, White Egrets. Mtu mweusi wa kisiwani, lugha ya mkoloni, ndege kutoka kwetu. Sidhani kuna aliyemwambia si Kiingereza.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, marefu kuliko nilivyoyaandika hapa. Akasubiri nimalize, kwa heshima. Nikamwambia kuna mazida, ule ruhusa wa mshairi kurefusha neno: aandike okoko, apate kina cha ko. Akacheka. "Okoko ni nani, mjomba?"

Jioni akaniletea ubeti wa kwanza.

Okok hapo silangani, mguu umeinuka,
Maji yadondoka chini, shingo nayo yakunjika,
Mbawa zapiga hewani, ng'ombe nao wageuka,
Okok, waenda nyumbani, au leo watoroka?

Alikuwa amemweka mwanzoni mwa mshororo, mahali ambapo kina hakimfikii. O-kok. Mbili. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nimemng'ang'aniza mwishoni.

"Zimetosha?" akauliza.

Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Mshororo wa mwisho nilihesabu mara tatu, na haikuwa kwa sababu ya mizani. Kisha nikamwambia auimbe. Akasema haujui wimbo wake. Bibi, aliyekuwa akichambua omena pale mlangoni na ambaye nilidhani hasikilizi, akamwambia aanze tu, wimbo utamfuata.