KIPINDUPINDU: KIINI KINACHOBADILISHA KANZU

Leo tunajibu swali la akina mama wengi: "Sista, mtu aliyewahi kuugua kipindupindu, je, kinaweza kumrudia?"

Ugonjwa huu si mgeni katika pwani yetu. Mwaka wa 1869 na 1870 uliua watu wengi Unguja. Wimbi la sasa lilianzia Indonesia mwaka wa 1961, likafika Kenya mwaka wa 1971.

Kiini cha kipindupindu ni bakteria asiyeonekana kwa macho. Nje amevaa utando wa mafuta na sukari. Tuuite kanzu. Mtu akiugua na kupona, askari wa mwili huikariri kanzu hiyo. Kiini kikirudi na kanzu ileile, hukamatwa mapema.

Lakini mwaka wa 1992 kulizuka India kiini chenye kanzu ngeni, kikaitwa O139, kisha kikaenea Bangladesh. Huko kipindupindu kilizoea kuwapata zaidi watoto, kwa kuwa watu wazima walikuwa na kinga. Safari hii watu wazima waliugua kwa wingi, maana askari wao walikuwa wakitafuta kanzu ya zamani.

Kiini hicho hakikuenea Afrika. Hata hivyo kile cha kwetu, O1, kina mishono miwili, Ogawa na Inaba, na huweza kubadilisha. Kinga ya mshono mmoja husaidia dhidi ya wa pili, lakini si kikamilifu. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, kinaweza kurudi.

Mwaka wa 2023 chanjo ya matone ya kunywa ilifika Tana River. Chanjo hiyo huufundisha mwili mishono yote miwili. Ikiletwa tena, ipokeeni. Ila kumbukeni kinga yake hupungua kadiri muda unavyopita, na kwa watoto wa chini ya miaka 5 huwa hafifu zaidi.

Iko silaha isiyojali kanzu. Mwaka huohuo wa 1971, Dkt. Dilip Mahalanabis aliwapa wakimbizi wa Bangladesh maji yenye chumvi na sukari. Vifo kambini vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Hiyo ndiyo ORS tunayowapa leo.

Basi mama, mtoto akiharisha maji kama ya mchele, mpe ORS papo hapo, ukiichanganya kama pakiti inavyoeleza. Endelea kumnyonyesha, na umpeleke hospitali bila kungoja kesho. Mto ukifurika, chemsha maji ya kunywa au uyatie dawa ya klorini. Nawa mikono kwa sabuni, na tumia choo.

Kinga ni bora kuliko tiba.